Deni la Kwenye Simu

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Nilipopewa somo la wiki hii, juu ya simu na intaneti katika maisha ya mwamini, wengine walifikiri nitasema juu ya vijana na picha chafu. Hayo pasta alishayagusa. Mimi nitasema juu ya deni, kwa sababu ndilo lilinipata, na najua siko peke yangu katika viti hivi.

Kwanza tusiilaumu simu. Wa umri wangu mnakumbuka jinsi pesa za Nairobi zilivyofika hapa Kathonzweni. Zilikuja kwa bahasha, mkononi mwa dereva au jirani aliyekuwa akija matangani, na mara nyingine bahasha ilifika ikiwa imepungua njiani. Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na mama mwenye kabambe akaweza kupokea pesa za mtoto wake akiwa shambani anapalilia ndengu. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikafika Mombasa, na polepole intaneti ikatoka kwenye ofisi za miji mikubwa ikaingia mifukoni mwetu. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tulisikiliza mahubiri kwa simu na sadaka tukatuma kwa simu. (Kuna walioendelea kusikiliza wakiwa kitandani hata milango ilipofunguliwa. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Lakini kuna kitu kilibadilika na hatukukiona. Zamani huwezi kukopa bila mtu kukuona uso. Ukitaka pesa za chama, unasimama mbele ya akina mama, unasema ni za nini, unatafuta mdhamini. Kuna mmoja lazima atauliza, "Na ile ya mwezi jana umemaliza?" Unaona aibu kidogo, lakini aibu ile ilikuwa kama ua wa miiba, ilituzuia tusitumbukie. Wazee wetu waliochimba matuta ya mashamba haya kwa mwethya walijuana mpaka njaa ya kila nyumba. Kisha Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ukaweza kukopa kwa simu bila kumwona mtu yeyote. Baada yake zikafuata apu nyingi. Sasa mtu anakopa saa nane za usiku, mume amelala hapo kando, na hajui.

Mimi nilifanya hivyo. Mtoto alikuwa anaingia kidato cha kwanza na karo ilipungua elfu tano. Ndengu zilikuwa bado shambani. Nikaona tangazo kwenye simu, nikabonyeza. Niliomba 5,000, zikaingia 4,100, na baada ya siku saba nilitakiwa kurudisha 5,000. Siku ya saba sikuwa nazo. Nikakopa kwa apu ya pili nilipe ya kwanza, halafu ya tatu nilipe ya pili. Mwezi wa tatu nilikuwa na apu nne na deni la shilingi 23,000. Na kumbuka, nilichokuwa nakitafuta ni elfu tano.

Wakati naiweka ile apu kwenye simu, iliniuliza kama naikubalia isome majina na namba zote nilizohifadhi. Nikabonyeza kubali, maana mtu mwenye shida hasomi. Nilipochelewa, meseji zikaanza kutumwa. Alipata mama pasta. Alipata mwenyekiti wa chama, na yule mtu anayenunua ndengu zangu. Ziliandikwa kwamba mimi ni mwizi ninayekimbia deni, waniambie nilipe. Wa kwanza kunijulisha alikuwa msichana wa kwaya. "Mwaitu, nimepata meseji fulani, sijui kama ni ya kweli." Nikamdanganya kwamba simu yangu iliibwa. Jumapili mbili sikuja ibadani. Nilisema ni malaria.

Ni katika siku zile nilisoma habari ya yule mjane. Angalia mstari wa kwanza. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, na alikufa akiacha deni. Kwa hiyo tusiwe wepesi kusema mwenye deni ana dhambi iliyojificha. Mjane hakujifungia. Alimlilia Elisha na akasema yote, hata lile la kutisha zaidi, kwamba mdai anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha akamwuliza ana nini nyumbani. Hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta.

Mstari wa tatu ndio ulinishika. Kabla ya muujiza anaambiwa aende kwa majirani wote aazime vyombo vitupu, na visiwe vichache. Hebu fikiri. Mwanamke anayedaiwa, anapita mlango kwa mlango akiomba mitungi isiyo na kitu. Bila shaka watu waliuliza. Na mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Kama angewaficha majirani, angejaza vyombo gani? Mlango aliufunga, ndiyo, lakini aliufunga baada ya kwenda kwa majirani.

Tena Elisha hakusema deni limefutwa. Siku hizi tunapenda sana mahubiri ya kufutiwa madeni. Hapa mafuta yaliuzwa, deni likalipwa, na kilichobaki ndicho mama na wanawe walikula.

Usiku huo nilimwambia mume wangu. Alikaa kimya, halafu akasema, "Nilipata hiyo meseji Jumatano. Nilikuwa nangoja uniambie." Ilikuwa Jumapili. Siku nne nzima alikuwa amekula chakula changu na hakusema neno. Tukachukua kitabu cha mtoto, tukaandika deni la kila apu na tarehe yake. Tuliuza mbuzi wawili. Nikasimama mbele ya chama, miguu ikitetemeka, na mdhamini akapatikana. Ilituchukua miezi mitano kumaliza.

Baadaye nilijua kwamba kuwatumia watu wangu meseji kunidhalilisha kumekatazwa. Kuna sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na tangu 2022 Benki Kuu ina kanuni za wakopeshaji wa simu. Wanatakiwa kuwa na leseni, na benki hiyo hutangaza orodha ya walio nayo. Angalia orodha kabla ya kubonyeza. Ukidhalilishwa, Kamishna wa Data hupokea malalamiko, na mwaka 2023 ofisi hiyo ilitoza faini wakopeshaji kwa jambo hilohilo. Lakini tusidanganyane, kulalamika hakulipi deni. Ulichokopa utalipa.

Na wewe unayepokea meseji juu ya mshirika mwenzako, usiifowadi. Yangu kuna dada aliiweka kwenye kikundi cha WhatsApp, nikasomwa na watu hamsini kabla ya chai ya asubuhi. Mwingine aliifuta, akaja nyumbani jioni na kilo mbili za unga. Hakuuliza kitu. Tulipika, tukala, na alipokuwa anaaga nilimwambia yote.

Jumatano hii baada ya maombi nitabaki katika chumba cha shule ya Jumapili pamoja na dada wawili wa chama. Kama una deni la apu, njoo na simu yako ikiwa na chaji, tuandike unadaiwa nini, na nani, na lini. Karatasi utarudi nayo mwenyewe. Akina baba pia mje. Na kama unaogopa kuonekana ukiingia, pitia nyuma, upande wa tangi la maji. Mlango huo tutauacha wazi.