Meno ya Kahawia na Maji ya Kisima

Iwapo meno ya mwanao yameota na madoa ya kahawia, usimgombeze kwamba hapigi mswaki. Mara nyingi huku Nakuru chanzo ni floraidi, ambayo hutoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na kuyeyuka katika maji ya visima. Floraidi imo pia katika jiwe la florispa, lililochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, Bonde la Kerio, na kuuzwa ng'ambo kutengenezea asidi na kuyeyushia chuma.

Kidogo chake huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Visima vingi vya huku hupita hapo. Anayedhurika meno ni mtoto wa chini ya miaka minane, kwani meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kiasi kikubwa mno, kikinywewa miaka mingi, hukakamaza hata mifupa na viungo.

"Lakini daktari, sisi huchemsha maji," wengi huniambia. Kuchemsha huua viini tu. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki, tena imezidi ukali. Na yale magadi ya kulainishia maharagwe huongeza nyingine.

Kinga maji ya mvua, umwekee mtoto ya kunywa na ya uji. Au tumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imelieneza. Mkaa huo huchoka, basi uulize unapolinunua utabadilishwa lini.