Kutoka Kusukuma kwa Nyayo hadi Kukanyaga Pedali

Wazazi wengi huingia dukani na kauli moja: "Nipe kubwa kidogo, atakua nayo." Kwa sare ya shule kauli hiyo ina hekima yake, maana pindo la suruali hushushwa mtoto anaporefuka. Kwa baiskeli ya mtoto wa miaka mitatu au minne, kauli hiyohiyo humgharimu mzazi mara mbili. Mtoto asiyefikisha nyayo chini huogopa, huanguka, kisha huikataa baiskeli. Nayo hukaa uani ikishika kutu mpaka hamu yake imekwisha.

Somo hili linamhusu mtoto aliyezoea baiskeli isiyo na pedali, ile anayoikalia na kujisukuma kwa nyayo, ambaye sasa anatazamiwa kuanza kukanyaga. Baiskeli za namna hiyo si nyingi madukani mwetu, wala si lazima kuinunua. Tutaonyesha hapa chini jinsi baiskeli ya kawaida inavyoweza kufanya kazi hiyo kwa muda.

Kuendesha baiskeli kuna mambo mawili, mizani na kukanyaga, na mizani ndiyo ngumu. Kukanyaga mtoto hujifunza kwa siku chache. Ndiyo maana hatupendekezi magurudumu madogo ya pembeni, ingawa wauzaji wengi huyafunga bila hata kuulizwa. Mwendeshaji anapokata kona hana budi kuulaza mwili upande wa kona. Magurudumu ya pembeni humzuia, na mwili wake huelemea nje. Mtoto huzoea kosa ambalo baadaye atalazimika kulisahau. Tena, penye mashimo magurudumu hayo yaweza kuliinua gurudumu la nyuma hata likaning'inia, na hapo breki ya nyuma haina inachokishika. Historia nayo ilifuata mpangilio huu: chombo cha Karl Drais wa Ujerumani, cha mwaka 1817, kilikuwa na magurudumu mawili na kilisukumwa kwa miguu. Pedali zilienea kutoka Ufaransa katika miaka ya 1860.

Mtoto yu tayari lini? Umri hautoshi kuwa kipimo, ingawa wengi hufikia hatua hii kati ya miaka 3 na 6. Mtazame akiteleza. Akiinua miguu yote miwili na kusonga mita kadhaa bila kugusa ardhi, akakata kona bila kusimama, na akajizuia bila hofu, mizani anayo. Asipoweza hayo, pedali zingoje.

Kabla ya kwenda dukani, pima mguu wa mtoto. Asimame ameegemea ukuta akiwa na viatu, uweke kitabu chembamba katikati ya mapaja na kukipandisha taratibu hadi kikome, kisha upime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Andika kipimo hicho, na uende dukani na futi ya kupimia. Tandiko lililoshushwa hadi mwisho lisizidi kipimo hicho. Likiwa chini yake kwa sentimita 2 au 3 ni bora zaidi. Wauzaji hutaja ukubwa wa magurudumu, inchi 12, 14 au 16, lakini baiskeli mbili za inchi 16 zaweza kutofautiana sana kimo cha tandiko. Hata kiwango cha kimataifa cha baiskeli za watoto wadogo, ISO 8098, huzitambua kwa kimo cha tandiko: likiinuliwa hadi juu kabisa liwe zaidi ya milimita 435 na pungufu ya 635.

Mpeleke mtoto mwenyewe dukani. Ailaze baiskeli chini na kuiinua. Ikimshinda, ni nzito mno kwake. Avute vishikio vya breki kwa vidole vyake, si kwa vyako. Iwapo baiskeli ni ya mtumba, chunguza maungio ya fremu kama yana nyufa au yamechomelewa upya, zungusha kila gurudumu uone kama linayumba, na hakikisha kifuniko cha mnyororo kipo. Dai risiti inayotaja bidhaa uliyonunua. Bila hiyo, ni vigumu kumrudia muuzaji endapo kasoro itajitokeza.

Ukifika nyumbani, shusha tandiko na uondoe pedali. Hapa ndipo wengi huharibu. Pedali ya kulia hufunguliwa kinyume cha mwendo wa saa, kama skrubu yoyote. Ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Atumiaye nguvu bila kulijua hilo huzikwangua nyuzi za skrubu, na gharama ya fundi huanza hapo. Mara nyingi spana namba 15 hutosha. Zitie pedali alama ya kulia na kushoto, uzihifadhi. Iwapo baiskeli haina breki ya mkono bali ile ya kurudisha pedali nyuma, kumbuka kwamba bila pedali haina breki yoyote. Mtoto achezee mahali tambarare tu.

Siku ya kurudisha pedali, chagua uwanja mgumu na mpana, mbali na magari: ua wa shule siku ya mapumziko unafaa. Mchanga na nyasi ndefu huzuia magurudumu, na mtoto hudhani kosa ni lake. Tandiko libaki chini kwa siku za mwanzo. Weka pedali ya mguu anaoupendelea mbele, juu kidogo ya usawa, ili msukumo wa kwanza uwe na nguvu. Kwenye breki ya kurudisha nyuma pedali haizunguki kinyume, basi inua gurudumu la nyuma na uizungushe kwenda mbele hadi ifike mahali pake.

Usishike usukani. Ukiushika, mizani inakuwa yako, na ukiuachia mtoto hushtuka. Mshike mwenyewe mabegani au chini ya makwapa. Njia tunayoipenda zaidi ni kanga: ipitishe kifuani chini ya makwapa, ushike ncha zote nyuma ya mgongo wake bila kuzifunga, ukitembea naye. Utahisi kwenye kitambaa anapoanza kujimudu, nawe utalegeza kidogo kidogo. Mwambie atazame mbele, anakokwenda, maana anayetazama miguu huyumba. Fundisha kusimama siku hiyohiyo; wengi hujua kuondoka na hawajui kukoma. Robo saa inatosha. Akichoka au akilia, mpumzishe, na usimtaje mtoto wa jirani aliyejua kwa siku moja.

Akishazoea kuondoka na kusimama mwenyewe, pandisha tandiko kidogo ili ncha za vidole zote ziguse chini. Tandiko la chini mno huchosha magoti.

Kofia ngumu ni ya lazima tangu siku ya kusukuma kwa nyayo. Tafuta ndani yake maandishi ya kiwango, kwa mfano EN 1078. Ikae sawasawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, na mikanda ikutane chini kidogo ya masikio. Iliyopata kipigo kikali isitumike tena hata kama haina ufa unaoonekana. Kwa sababu hiyo tunashauri kutonunua kofia ya mtumba, hata pale baiskeli yenyewe ni ya mtumba. Nayo ivuliwe mara mtoto anaposhuka. Akienda nayo kwenye bembea au kupanda mti, inaweza kukwama na ule mkanda wa kidevuni ukamkaba shingo.