Rangi kwenye Ramani: Jinsi ya Kusoma Kanuni za Matumizi ya Ardhi na Kutoa Maoni Yenye Uzito

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, kaunti iliyo ndogo kuliko zote nchini kwa eneo. Watu huongezeka, ardhi haiongezeki. Kwa hivyo swali la nani ajenge nini, wapi na kwa urefu gani linagusa kila nyumba, kutoka Mji wa Kale hadi Mikindani, na kutoka Likoni hadi Bamburi.

Majibu ya swali hilo huandikwa katika mipango na kanuni za matumizi ya ardhi. Kabla hazijapitishwa, sheria inataka wananchi waulizwe. Hata hivyo, wakaazi wengi hujua kwamba kanuni zimebadilika siku ile tingatinga linapoingia kwenye kiwanja cha jirani. Wakati huo muda wa kutoa maoni umekwisha, na aliyenyamaza anabanwa na kanuni sawa na aliyesema.

Somo hili linaeleza mambo matatu: ukanda ni nini, ramani yake husomwaje, na maoni ya aina gani huweza kubadilisha rasimu.

Hatimiliki na ukanda

Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda haki ya mtu kumiliki mali. Kifungu cha 66 nacho kinaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa sababu kama vile usalama wa umma, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Vifungu hivi viwili husomwa pamoja. Hatimiliki humwambia mtu kwamba ardhi ni yake. Ukanda humwambia anaweza kuifanyia nini.

Jiji hugawanywa katika kanda: za makazi, za biashara, za viwanda, za shule, za bustani na kadhalika. Kila ukanda una masharti yake kuhusu shughuli zinazoruhusiwa, urefu wa majengo, nafasi ya kuachwa kati ya jengo na barabara, na mahali pa kuegesha magari. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayejenga bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili.

Kusoma rangi

Mkaazi anayefunguliwa ramani ya mpango kwa mara ya kwanza huona rangi nyingi na kukata tamaa. Rangi hizo zina utaratibu. Katika ramani za mipango nchini Kenya, kahawia huonyesha makazi, zambarau viwanda, rangi ya chungwa elimu, na kijani viwanja vya michezo na bustani. Manjano ni huduma za umma kama vile hospitali na ofisi za serikali, nyekundu ni biashara, na buluu ni huduma kama maji, umeme na maji taka. Barabara huonyeshwa kwa kijivu au huachwa bila rangi. Maelezo ya rangi huwa pembeni mwa ramani, na ni vizuri kuyakagua kwanza.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali panapojulikana, kwa mfano shule, msikiti, kanisa au soko, kisha kutembeza kidole hadi kwenye mtaa wa nyumbani. Hapo mkaazi hujiuliza maswali mawili. Je, rangi iliyopo inalingana na hali ilivyo leo? Na kama hailingani, rasimu inataka pageuke pawe nini?

Uwanja wa mpira uliopakwa nyekundu si kosa dogo la mchoraji. Rasimu ikipita hivyo, anayetaka kujenga maduka pale atakuwa na mpango wa kuuegemea.

Hesabu ya sakafu

Ramani huonyesha rangi, lakini uzito wa kanuni mara nyingi umo ndani ya jedwali la nambari. Nambari mbili ndizo za kuangaliwa zaidi. Ya kwanza ni sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo. Ya pili ni uwiano wa sakafu, yaani jumla ya sakafu zote za jengo ikilinganishwa na ukubwa wa kiwanja.

Tuchukue mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni futi 5,000 za mraba. Ikiwa kanuni inaruhusu nusu ya kiwanja kufunikwa, jengo litakaa kwenye futi 2,500. Ikiwa uwiano wa sakafu ni asilimia 200, sakafu zote zikijumlishwa zisizidi futi 10,000. Hizo ni sakafu nne, pamoja na ile ya chini. Rasimu ikipandisha uwiano hadi asilimia 400, ploti ile ile inabeba sakafu nane.

Kila sakafu ikiwa na familia nne, familia 16 zinakuwa 32. Mtaa wenye ploti kumi za namna hiyo unatoka familia 160 hadi 320. Bomba la maji taka ni lile lile, barabara ni ile ile, na mfereji wa maji ya mvua ni ule ule, isipokuwa mpango useme vitapanuliwa lini na kwa fedha gani.

Hii haina maana kwamba majengo marefu ni mabaya. Vijana wanahitaji nyumba za kupanga, na nyumba zikiwa chache kodi hupanda. Mtaa wa Kilimani jijini Nairobi, uliojulikana kwa nyumba zenye bustani, leo umejaa majengo marefu ya makazi, na maelfu ya watu wamepata mahali pa kuishi. Swali la kuuliza kikaoni ni kama maji, barabara na maji taka vitatangulia majengo au vitayafuata kwa mbali.

Nani ana haki ya kusema

Kuna dhana kwamba vikao vya ardhi ni vya wenye hatimiliki. Si kweli. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na kifungu cha 184 kinataka wakaazi washirikishwe katika uongozi wa miji na majiji. Mpangaji ni mkaazi. Mama anayeuza mahamri kibarazani ni mkaazi. Wavuvi wanaotegemea diko lililo mbele ya viwanja vya ufuoni ni wakaazi vilevile.

Mombasa ina sababu yake ya kulisisitiza jambo hili. Katika mitaa kama Majengo, wapo wenye nyumba wasio wenye ardhi. Nyumba ni yao, pengine waliirithi kwa wazazi, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi. Mtaa ukihamishwa kutoka makazi hadi biashara, kiwanja hupanda thamani kwa mwenye ardhi. Mwenye nyumba hubaki akijiuliza kama ataambiwa avunje. Mtu kama huyu hana hatimiliki ya kuonyesha, lakini huenda ndiye mwenye mengi ya kupoteza kuliko wote kikaoni.

Maoni mepesi na maoni mazito

Vikao vingi vya maoni hupotea njia. Msemaji wa kwanza analalamikia taa za barabarani, wa pili basari, wa tatu ukosefu wa ajira. Yote ni ya kweli, lakini jioni ikifika kumbukumbu za kikao hazina neno hata moja kuhusu ukanda, na rasimu inarudi ofisini kama ilivyokuja.

Maoni yanayoweza kubadilisha rasimu huwa na sehemu tano: mahali panapohusika, kipengele cha kanuni kinachopingwa au kuungwa mkono, athari yake, ushahidi, na pendekezo. Kauli kwamba “hatutaki magorofa” haina pa kushikwa. Linganisha na hii:

“Rasimu inaweka kiwanja kilicho nyuma ya shule ya msingi katika ukanda wa biashara. Kiwanja hicho hutumiwa na wanafunzi na ndicho njia ya maji ya mvua, kama picha hizi za msimu uliopita zinavyoonyesha. Tunapendekeza kibaki kijani. Ikiwa hakiwezi kubaki chote, upande wa mfereji usijengwe.”

Afisa wa mipango anaweza kukubali pendekezo hilo au kulikataa, lakini hawezi kusema hakulielewa. Maoni yanayounga mkono rasimu pia yaandikwe, kwa sababu kipengele kizuri kisichotetewa huweza kuondolewa kwa shinikizo la wachache.

Wenye biashara ndogo na wenye nyumba za zamani wana swali moja la kuweka mbele: je, shughuli iliyopo leo itaruhusiwa kuendelea ukanda ukibadilika, na kwa muda gani? Kama rasimu haijibu, pendekezo liwe kwamba jibu liandikwe ndani yake.

Siku zinazohesabiwa

Matangazo ya mipango kwa kawaida hutoa siku 60 za kupokea maoni. Tangazo la mwenye ploti mmoja anayetaka kubadilisha matumizi, kwa mfano kutoka makazi hadi hoteli, hutoa siku 14. Matangazo hayo huonekana magazetini na kwenye kibao kinachowekwa kiwanjani. Kibao hicho kisipitwe bila kusomwa.

Maoni ya mdomo kikaoni yanafaa, lakini ya maandishi ni salama zaidi. Yaandikwe nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokewa na ibaki na mwenyewe. Anayehitaji hati za mpango anaweza kuziomba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotaka ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Kwa kuwa siku hizo zinakula muda wa maoni, ombi lipelekwe mapema.

Asiyeridhika na uamuzi kuhusu kibali cha ujenzi au cha kubadilisha matumizi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi. Baada ya hapo, njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wajibu wa kaunti

Kushirikisha umma si hisani. Mwezi wa Aprili 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti inapaswa kutoa hati mapema, kwa lugha inayoeleweka, na kuwapa watu nafasi ya kweli ya kusikizwa.

Upande wa pili, mahakama zimesema kwamba kushirikisha umma si kukubali kila maoni. Mkaazi anaweza kusikizwa na bado asipate alichotaka. Anachoweza kudai ni kuelezwa maoni yake yalizingatiwa vipi, na hilo pia liulizwe kikaoni: ripoti ya maoni itatolewa lini, na itasomwa wapi?

Maswali ya kujadili nyumbani au katika kikundi

1. Mtaa wetu una rangi gani katika ramani, na shughuli za leo zinalingana na rangi hiyo?
2. Uwiano wa sakafu ukiongezwa maradufu, ni huduma gani itakayoelemewa kwanza mtaani kwetu?
3. Ni nani kati ya majirani ambaye hawezi kufika kikaoni, na nani atamwandikia maoni yake?
4. Kama tungeruhusiwa kubadilisha sentensi moja tu katika rasimu, tungebadilisha ipi, na tungeandika nini mahali pake?