Mtoto mwenye kiu isiyokatika, tusiishie kupima sukari

Hapa kwetu Mgogoni mtoto akijikojolea kila usiku, na chuoni akawa anaomba ruhusa kila baada ya aya mbili, huambiwa mvivu. Akiwa tena amevia, wenzake wanarefuka yeye yuko pale pale, husemwa amechezewa. Mimi ni mwalimu wa dini, si daktari, lakini watoto hawa tunashinda nao sisi.

Chini ya ubongo ipo tezi ndogo kama punje ya mbaazi, iitwayo pituitari. Ndiyo inayoamrisha kimo na kubaleghe, na ndiyo inayotoa homoni ya kuzuia maji yasipotelee kwenye mkojo. Kwa nadra, kinga ya mwili huigeukia tezi hii ikaishambulia. Maradhi hayo yalielezwa kitaalamu mwaka 1962 kwa mwanamke aliyejifungua, na hadi leo hujulikana zaidi kwa kina mama kuliko watoto.

Mtoto akinywa na kukojoa kupita kiasi, hupimwa sukari kwanza, na ni sawa. Tatizo ni pale sukari ikiwa ya kawaida, mzazi akarudi nyumbani akidhani yamekwisha. Mkojo mweupe kama maji, huku chumvi ya damu imepanda, hutaka uchunguzi zaidi: mkojo wa saa 24, homoni, na picha ya MRI. Kipimo cha kumnyima maji hufanywa hospitali tu. Mzazi anayeficha mtungi usiku anamhatarisha mwanawe. Hata picha ikionyesha uvimbe kwenye tezi, neno halijakatika, kwani saratani nayo huanza kwa sura hiyo hiyo. Kwa hiyo picha hurudiwa baada ya miezi, pengine hukatwa kinyama.

Safari hiyo ni ndefu, Wete hadi Unguja, pengine Muhimbili. Lakini wataalamu wapo: mwaka 2008 yalianza Nairobi mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto, na Watanzania wamehitimu humo.

Sisi tuanze na alama ya kimo ukutani. Kabla ya kubaleghe mtoto huongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka. Akishindwa kufika 4, apelekwe.

Na Ramadhani? Asiyebaleghe hajalazimika, na huyu kumshindisha na kiu ni hatari. Akitimiza miaka 15 bila alama yoyote, Mashafii tunamhesabu baleghe, lakini ruhusa ya mgonjwa anayo. Mzazi amuulize daktari tangu Shaabani.