Mzazi Anapolemewa na Pombe na Msongo wa Mawazo: Familia ya Butali Ianzie Wapi?

Mtoto akishikwa na malaria, kila mama wa Butali anajua pa kumpeleka. Baba akianza kunywa chang'aa alfajiri, akaacha miwa imezwe na magugu na kushinda kimya siku nzima, familia nyingi hazijui mlango wa kubisha. Baadhi humficha, baadhi humsema vibaya, na wengine husubiri hadi aanguke. Somo hili linaeleza njia ya matibabu kuanzia nyumbani hadi hospitali ya rufaa, pamoja na hatari ambayo familia inapaswa kuijua kabla ya kumwaga pombe yake.

Uraibu ni ugonjwa

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yanamhesabu mraibu wa pombe au dawa za kulevya, na pia mtu mwenye mawazo ya kujiua, kuwa mgonjwa anayestahili matibabu. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka huo uliweka eneo la Magharibi mbele ya maeneo mengine nchini kwa unywaji wa pombe. Nyumba yenye tatizo hili, basi, haiko peke yake.

Mara nyingi pombe na msongo wa mawazo hutembea pamoja. Mzazi aliyefiwa, aliyepoteza kazi au anayedaiwa hunywa ili apate usingizi. Pombe humlaza haraka, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na hofu na huzuni zaidi, na kesho yake anahitaji nyingine. Ndiyo maana mhudumu wa afya anapaswa kuelezwa yote mawili. Kwa wengine huzuni hupungua baada ya wiki chache bila pombe. Kwa wengine hubaki, nao huhitaji ushauri nasaha au dawa.

Maswali manne

Wahudumu wa afya katika nchi nyingi hutumia maswali haya mafupi:

1. Umewahi kuhisi kwamba unapaswa kupunguza pombe?
2. Watu wamewahi kukuudhi kwa kukosoa unywaji wako?
3. Umewahi kujilaumu kwa sababu ya kunywa?
4. Umewahi kunywa pindi tu unapoamka, ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana?

Majibu mawili ya "ndiyo" au zaidi yanatosha kumpeleka mtu kupimwa. Kuhusu msongo wa mawazo, dalili za kuangalia ni huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, kubadilika kwa usingizi na ulaji, na maneno ya kukata tamaa.

Nani aseme naye

Mtoto hamwamrishi mzazi wake, hata akiwa mtu mzima anayemlisha. Inafaa aanze mtu mmoja ambaye mzazi humsikiliza: ndugu yake, shangazi wa familia, rafiki wa rika lake au kiongozi wa kanisa. Wakati mzuri ni asubuhi kabla hajanywa, mbali na wajukuu na majirani. Maneno yawe machache na yataje kilichoonekana: "Baba, tumeona hulali na mikono inatetemeka. Tunaogopa kukupoteza. Tafadhali, tuandamane nawe zahanati kesho ukapimwe." Hesabu ya pesa alizokunywa haimsaidii mtu kukubali.

Asiachishwe ghafla nyumbani

Familia nyingi hukosea hapa kwa nia njema. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akinyimwa pombe ghafla anaweza kuanza kutetemeka, kutoa jasho na kutapika ndani ya saa 6 hadi 24. Wengine huanguka kama wenye kifafa ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kuua. Kumfungia chumbani si matibabu. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza, maji na vitamini B1 chini ya uangalizi.

Akilalamika kwamba macho hayaoni vizuri baada ya kunywa, huenda pombe ilikuwa na methanoli. Apelekwe hospitali wakati huo huo, asisubiri kulala.

Milango ya kubisha

Mlango wa kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, anayeweza kufika nyumbani bila kuzua gumzo na kuandika rufaa. Wa pili ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mgonjwa hutumwa Hospitali ya Malava, na anayehitaji utaalamu zaidi hupelekwa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kakamega, yenye kitengo cha afya ya akili. Kwa hali ngumu zaidi kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret.

Kabla ya kulipia kituo cha binafsi cha kurekebisha waraibu, familia iulize: Kina idhini ya NACADA? Nani hutibu anayetetemeka kwa kuachishwa pombe? Je, kinatibu pia msongo wa mawazo? Gharama yote ni kiasi gani? Nani atamfuatilia akirudi nyumbani?

Mzazi asajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#. Kwa aliyesajiliwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hazilipiwi. Kulazwa katika hospitali kubwa hutegemea michango iliyolipwa, hivyo familia iulize mapema kinacholipiwa.

Akikataa, au akitishia kujiua

Mtu akikataa leo, aulizwe tena wiki ijayo. Sheria inatanguliza hiari ya mgonjwa. Inaruhusu pia kulazwa bila hiari anapohatarisha maisha yake au ya wengine, na uamuzi huo hupitia kwa wahudumu wa afya.

Akisema amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandi wazo, humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, na dawa za kunyunyizia mimea na kamba ziondolewe karibu naye. Familia isimfiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Akirudi nyumbani

Kurudia pombe baada ya matibabu hutokea kwa wengi, na dawa yake ni kurudi kliniki mapema. Siku ya malipo ya miwa ni ya hatari. Mzazi akiwa bado na nia njema, akubaliane na familia nani atashika pesa na zitalipa nini kwanza. Watoto nao wanahitaji mtu wa kuwaeleza kwamba ugonjwa huo hawakuuleta wao.

Nambari za kuhifadhi kwenye simu

1192 – NACADA, ushauri kuhusu uraibu, bila malipo, saa 24
116 – msaada kwa watoto
1195 – dhuluma za kijinsia
999 au 112 – dharura

Ya kujadiliana nyumbani na barazani

1. Katika familia yetu, mzee humsikiliza nani zaidi?
2. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu ni nani, na nambari yake nani anayo?
3. Wazazi wetu wote wamesajiliwa na SHA?