Kipimo gani huona uvimbe wa kongosho?



Mara nyingi mgonjwa huteremka kutoka Vudee, Mbaga au Chome hadi Same mjini, hupigwa altrasaundi ya tumbo, huambiwa hakuna kilichoonekana, na familia ikarudi mlimani imetulia. Kwa maradhi mengi jibu hilo linatosha. Kwa kongosho halitoshi.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo. Hutoa maji ya kusaga chakula pamoja na insulini inayorekebisha sukari ya damu. Kwa kuwa limejificha, uvimbe wake huweza kukua bila kupapasika kwa mkono, na eksirei ya kawaida haiuonyeshi. Vipimo vyake ni hivi:

1. Altrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi na ni nafuu. Huonyesha vizuri mawe ya mfuko wa nyongo, na mirija ya nyongo iliyotanuka kwa kuziba. Lakini mawimbi hayo hayapenyi hewa, hivyo gesi ya tumboni huficha kongosho, hasa upande wa mkia. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile kwa saa 6 hadi 8. Jibu likisema kongosho halikuonekana, haina maana kwamba ni zima.

2. CT-Scan. Hiki ndicho kipimo cha msingi kwa anayeshukiwa uvimbe huu, kwa sharti apigwe sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Bila dawa hiyo, uvimbe hufanana na nyama nzima. Huonyesha kama uvimbe umeshika mishipa mikubwa ya damu au umefika kwenye ini, na hapo daktari huamua kama unaweza kukatwa. Mjamzito, mwenye maradhi ya figo na mwenye mzio waseme kabla. Kwa watu wa Same, njia mojawapo ni rufaa ya KCMC Moshi, kiasi cha kilomita 100.

3. MRI. Hutumia sumaku, haina mionzi. Huchora vizuri mirija ya nyongo na madoa madogo ya ini ambayo CT imeyaachia shaka. Ni ghali, na mwenye kifaa cha chuma mwilini aseme kwanza.

4. Altrasaundi ya ndani. Mpira mwembamba hupitishwa mdomoni hadi karibu na kongosho. Huona hata uvimbe usiofika sentimita 2, na sindano yake huchukua nyama ya kupima. Hilo ni muhimu, kwani hata kifua kikuu cha kongosho huweza kufanana na saratani katika picha. Hufanyika katika hospitali chache kubwa.

Basi nani apimwe? Si kila mwenye kiungulia. Ni mwenye macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi na choo cheupe, hata kama hana maumivu. Anayekonda bila sababu. Mwenye maumivu ya juu ya kitovu yanayotokea mgongoni. Au aliyepata kisukari ghafla ukubwani huku anakonda.

Kuanza na altrasaundi ni sahihi. Ila uliza: "Je, kongosho limeonekana lote?" Kama halikuonekana, au mrija wa nyongo umetanuka na hakuna jiwe, omba rufaa. Usiuze mbuzi kwa kurudia kipimo kilekile mara tatu, wala usimalize miezi kwa mitishamba. Upasuaji ndio wenye matumaini ya kuponya, nao huwezekana kabla uvimbe haujasambaa.

Ruqya na dua zina nafasi yake, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza pia kutafuta tiba. Katika Ramadhani, altrasaundi ya juu ya tumbo haiingizi kitu mwilini, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye. Mwanamke aombe mpimaji wa kike. Asipopatikana, hiyo ni dharura, aingie na mahram wake, asiache kupimwa.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi Taufiq.