SOMO LA AFYA: Jinsi seli za kinga zinavyoukataa uvimbe wa saratani

Muuzaji wa dawa anaposimama sokoni na kutangaza chupa "inayoongeza kinga na kuyeyusha saratani", huwa amechanganya ukweli na uongo. Ni kweli kwamba mwili una seli zinazoweza kuutambua uvimbe na kuuangamiza. Si kweli kwamba chupa isiyopimwa na yeyote inaweza kuzituma kazini. Somo la toleo hili linaeleza mambo ambayo wanasayansi wamejifunza kwa kuwachunguza panya wa maabara, na maana yake kwa afya ya familia.

Walinzi wa mwili

Ndani ya damu mna seli nyekundu zinazobeba oksijeni na seli nyeupe zinazoulinda mwili. Seli nyeupe ni za aina nyingi. Makrofeji humeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Seli T hukomaa katika tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na kila moja hutafuta alama moja maalum, kama ufunguo unaotafuta kufuli yake. Nyingi hukusanyika katika tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani watu husema wana mitoki.

Kijidudu hutoka nje, hivyo ni rahisi kukitambua kuwa ni mgeni. Saratani ni tofauti. Hutokana na seli za mwili wenyewe zilizoharibika na kuanza kugawanyika bila kipimo. Kikulacho ki nguoni mwako. Swali lililowasumbua wanasayansi ni hili: je, walinzi wanaweza kumtambua adui aliyevaa sare yao?

Jibu lilianza kwa panya

Mwanzoni mwa karne iliyopita, watafiti walihamisha uvimbe kutoka panya mmoja hadi mwingine, wakaona ukikataliwa. Wengi walidhani wameona kinga dhidi ya saratani. Baadaye ilibainika kwamba panya hukataa nyama yoyote ya panya asiye wa ukoo wake, hata ngozi yenye afya, jinsi mwili wa binadamu unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine.

Ilibidi watumiwe panya waliozalishwa ndugu kwa ndugu vizazi vingi hadi wakafanana kama mapacha. Mwaka 1957, Richmond Prehn na Joan Main wa Marekani waliwatumia panya hao. Uvimbe uliosababishwa na kemikali ulipandikizwa, ukaachwa ukue, kisha ukaondolewa. Seli za uvimbe uleule ziliporudishwa baadaye, panya waliokwisha kuupata waliukataa. Ngozi kutoka kwa panya aliyetoa uvimbe haikukataliwa. Kwa hiyo kilichotambuliwa kilikuwa alama ya uvimbe wenyewe, wala si ugeni wa nyama.

Mwaka 1960, George Klein na wenzake mjini Stockholm, Uswidi, walionyesha kwamba hata panya aliyeota uvimbe huo mwilini mwake, akishaondolewa, anaweza kujenga kinga dhidi yake. Maabara hiyohiyo ilikuja kushirikiana na Kenya. Katika miaka ya 1960, daktari wa upasuaji Peter Clifford, aliyefanya kazi Nairobi, alishirikiana na akina Klein kuchunguza kinga ya wagonjwa wa limfoma ya Burkitt, saratani inayowapata zaidi watoto katika maeneo yenye malaria nyingi.

Kizuizi na jibu lake

Mwaka 1974 yalitokea matokeo ya kushangaza. Osias Stutman alilinganisha panya wa kawaida na panya waliozaliwa bila nywele na bila thaimasi inayofanya kazi, wenye upungufu mkubwa wa seli T. Makundi yote mawili yalipata uvimbe kwa kiwango sawa. Wengi wakakata tamaa: huenda kinga haina kazi kubwa katika saratani.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Stockholm, akiwemo Eva Klein, walieleza aina nyingine ya seli nyeupe, seli za NK, ambazo huua seli za uvimbe bila kufunzwa kwanza. Panya wasio na nywele walikuwa nazo. Walinzi walikuwa wamepungua, hawakuwa wamekwisha.

Hoja hiyo ilipata nguvu mpya mwaka 2001. Robert Schreiber na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walitumia panya wasioweza kutengeneza seli T wala seli B. Panya hao walipata uvimbe zaidi na mapema zaidi. Uvimbe uliokulia kwao ulipopandikizwa kwa panya wenye kinga kamili, karibu 4 kati ya 10 ulikataliwa. Ule uliokulia kwa panya wenye kinga haukukataliwa.

Sababu yake mkulima anaijua. Anayepalilia kila siku huondoa magugu dhaifu, na yanayobaki ni yale sugu. Kinga huua seli za saratani zinazoonekana wazi, zikabaki zilizojua kujificha. Uvimbe unaogunduliwa hospitalini mara nyingi umeshapita chini ya jembe hilo.

Kuachilia breki

Seli T zina breki, ili zisishambulie mwili wenyewe. Mwaka 1996, James Allison na wenzake huko California walizuia breki iitwayo CTLA-4 kwa panya wenye uvimbe. Panya hao waliukataa uvimbe. Nchini Japani, Tasuku Honjo alikuwa amegundua molekuli ya PD-1 mwaka 1992, nayo ikaonekana kuwa breki nyingine. Dawa ya kwanza ya kuzuia CTLA-4 iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, na mwaka 2018 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hizo hazimfai kila mgonjwa. Tena kinga iliyoachiliwa breki inaweza kushambulia utumbo, ngozi au ini, ndiyo maana hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Kinga kali kupita kiasi nayo ni hatari.

Maana yake kwa wakazi

Yapo mambo yanayoilinda kazi ya seli hizi bila kusubiri dawa ghali.

1. Kumeza dawa za HIV kila siku. HIV huharibu seli T. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Dawa huwapa walinzi nafasi ya kurudi kazini.

2. Kuwapeleka wasichana kupata chanjo ya HPV. Virusi vya HPV husababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Chanjo, iliyoanza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, huifunza kinga kabla virusi havijaingia.

3. Kupimwa mapema. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanahimizwa kuchunguzwa mlango wa kizazi hata kama hawana maumivu. Anayeishi na HIV amuulize mhudumu wa afya wakati wa kuanza na mara ngapi arudi.

4. Kutoacha matibabu kwa ajili ya chupa ya sokoni. Mgonjwa anayetumia mitishamba amweleze daktari wake. Kila mwezi unaopotea huupa uvimbe nafasi ya kusambaa.

Mwenye uvimbe usiopungua, kidonda kisichopona au damu inayotoka bila sababu afike kituo cha afya kilicho karibu, au amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake ili aelekezwe.